Mbuzi Waliomfuata Tumbili

Wiki ambayo mdogo wangu wa kiume alitakiwa kwenda kuoa, nilimfunga tumbili kengele ya mbuzi shingoni. Miaka kadhaa imepita, na kila nikisimulia habari hii nacheka kabla sijafika katikati, wasikilizaji wanabaki wananitazama. Kwa hiyo safari hii nimeamua kuandika. Nikicheka nitaweka kalamu chini, kisha nitaendelea.

Nianze na kilima, maana bila kilima hutaelewa kitu.

Kwetu ni upande wa Mkalama, mkoani Singida, si mbali sana na Kinyangiri, kijiji kilichoegemea mgongo wa vilima. Anayepita na basi huona kilima kimoja chenye mawe na miti, basi. Lakini ukikipanda kwa miguu utagundua kina ghorofa. Chini kabisa ni mashamba yetu ya alizeti, karanga na mtama. Ukivuka mashamba unaingia kwenye migunga na vichaka vya miiba, ambako mbuzi wetu hushinda. Juu ya vichaka kuna korongo, na ndani ya korongo kuna dimbwi la mwambani ambalo hata kiangazi halikauki upesi. Ndiyo maana mikuyu imeota humo, mikubwa, mizizi imekumbatia mawe. Juu ya korongo ni miamba mitupu, makazi ya pimbi. Na juu kabisa, mgongoni, kuna msitu ambako asubuhi za Juni ukungu hulala mpaka jua likolee, na matawi yameota ndevu za kijivu kwa sababu ya ule unyevu. Huko juu ni baridi kweli. Watu wengi wakisikia Singida wanawaza jua na vumbi. Waje mwezi wa sita, na wasisahau sweta.

Tumbili wa kwetu wanatumia ghorofa hizi zote, kila moja kwa saa yake. Usiku wanalala kwenye mikuyu, juu kabisa, kwenye matawi membamba ambayo chui akijaribu kuyakanyaga yatamwangusha. Asubuhi, wakiwa wamekakamaa kwa baridi, wanapanda kwenye miamba inayotazama mashariki na kukaa wakiota jua, vifua mbele, mikono magotini, kama wazee wanaosubiri kikao kifunguliwe. Mwili ukipata joto wanashuka kula. Jua la utosini wanarudi kivulini, wanachambuana manyoya. Alasiri ndipo wanapokuja kwetu.

Na kwetu, mwezi wa sita, kuna karanga.

Hapa lazima nimtambulishe shangazi. Shangazi ni dada wa baba yetu, ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu tangu wadogo, na ndiye mwenye mwamba. Kila familia kijijini kwetu ina mwamba wake wa kuanikia, jiwe bapa lililolala karibu na nyumba, linalofagiliwa kama sebule. Mazao yakivunwa yanaanikwa pale, kwa sababu jiwe linashika joto na halina vumbi. Mwamba wa shangazi ulikuwa mzuri kuliko yote, na bahati mbaya ulikuwa wa kwanza ukishuka kutoka mlimani. Tumbili waliuona kama meza iliyoandaliwa.

Mwaka ule walizidi. Mimi nafundisha sayansi shule ya msingi, na nilikuwa nyumbani kwa likizo ya Juni. Mdogo wangu alikuwa amekuja kutoka Shelui, ambako anaziba pancha na kubadilisha matairi ya malori pale yanapopumzika. Alikuja kwa ajili ya jambo moja tu. Jumamosi ya wiki ile tulitakiwa kupeleka mbuzi ukweni, upande wa Mtinko, na baada ya hapo angeruhusiwa kumchukua mke wake.

Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa na msiba. Mara ya pili jeki ya lori ilimdondokea mdogo wangu mguuni. Baba mkwe, mtu mrefu mwenye maneno machache, alituma ujumbe kupitia kwa mshenga: Jumamosi, na kama si Jumamosi, basi. Hakufafanua hiyo basi. Mdogo wangu alikuwa ameifafanua mwenyewe kila usiku, na alikuwa amekonda.

Jambo jingine la kujua ni kengele. Katika ukoo wetu mbuzi wa ukweni hawafiki kimya. Wanakwenda kwa miguu, mbele yao mbuzi jike mzee mwenye kengele, ili wenye nyumba wasikie kengele kabla ya kuona wageni, wapate muda wa kufagia na kuvaa viatu. Kengele yetu ilikuwa ndogo, ya shaba, yenye ufa unaoifanya ilie kama mtu anayekohoa kwa adabu. Mbuzi wetu wote saba waliijua tangu tumboni. Ilipokwenda walikwenda, iliposimama walisimama.

Jumanne alasiri shangazi alirudi kutoka kisimani akakuta tumbili zaidi ya ishirini juu ya mwamba wake, wengine wamekaa, wengine wamejilaza. Hakupiga kelele. Aliweka ndoo chini, akakaa kizingitini, akasema, "Mwalimu, hebu njoo."

Akiniita mwalimu najua kuna neno.

"Mama yangu alikuwa na dawa ya hawa," alisema. "Unamkamata mmoja. Unamfunga kengele. Unamwachia. Atakimbilia kwa ndugu zake, ndugu zake watamkimbia. Atawafuata, watazidi kumkimbia. Hivyo hivyo mpaka kilima cha pili."

"Kweli shangazi?" aliuliza mdogo wangu.

"Mwulize dada yako. Yeye ndiye aliyesoma."

Ningesema sijui. Ni neno dogo, na wanafunzi wangu nawafundisha kulisema bila aibu. Lakini mimi nikiulizwa swali siwezi kukaa kimya, na mdomo wangu ulikwisha kuanza kazi. Nilieleza kwamba wanyama wa kundi huogopa sauti ngeni, kwamba hofu ya mmoja huambukiza wengine, nikachora mishale ardhini kwa kijiti. Nilipomaliza hata mimi nilikuwa nimeamini.

Tulimkamata kwa tenga la kuku. Tuliliegesha kwa kijiti chenye kamba, tukatia karanga chini, mdogo wangu akajilaza nyuma ya mlango ameshika kamba. Aliingia jike mmoja, si mtoto wala si mzee, mwenye kovu jeupe juu ya jicho la kushoto. Tenga likaanguka. Mdogo wangu alivaa koti la kazini na glavu za gereji, na bado alichanwa shingo.

"Kengele," alisema akihema. "Dada, kengele."

Nyumbani kulikuwa na kengele moja tu. Nilimvulia yule mbuzi mzee. Shangazi alisema hakuna neno, Alhamisi ni mnada, tutanunua nyingine. Kamba ya mbuzi ilikuwa ndefu mno kwa shingo ya tumbili, kwa hiyo nilikata kipande cha mkanda wa zamani wa mdogo wangu, ule aliokuwa akiuvaa kazini Shelui, mweusi kwa jasho. Nikaubana vizuri, usimkabe wala usivuke kichwa. Tukafungua tenga.

Nakiri kwamba ilikuwa raha. Jike alipaa. Kengele ikalia. Kundi zima lilitawanyika kama mtu amemwaga ndoo ya maji, wakapanda kilima, wakavuka vichaka, wakapotelea korongoni, na kile kikohozi cha adabu kikiwafuata nyuma. Shangazi alicheka hadi akashika ukuta. Mdogo wangu alinibeba mgongoni akazunguka nami mwamba mzima. Tulilala tukiwa washindi.

Jumatano asubuhi tulifungulia mbuzi kama kawaida. Baada ya mavuno kwetu mbuzi huachiwa wale mabua, na jioni hurudi wenyewe nyuma ya kengele.

Jioni hawakurudi.

Tulizunguka mashambani mpaka giza. Mdogo wangu alikuwa anaita kwa sauti iliyokuwa inapungua. Ndipo upepo ulipogeuka, ukashuka kutoka mlimani, na tukasikia juu kwenye korongo, mbali, kikohozi cha adabu. Na chini ya kikohozi, mlio wa mbuzi. Wengi.

Kisha shangazi akasema polepole, "Mwalimu. Ile mishale uliyochora. Mbuzi walikuwa upande gani?"

Usiku ule mdogo wangu hakula. Alikaa amejifunika blanketi akihesabu kwa vidole: Alhamisi, Ijumaa. Juu kule kuna chui, si wengi, lakini mbuzi hahitaji wengi. Shangazi alitaka kupambazuke tu aite vijana wa jirani, waje na mbwa na manati, wawatoe mbuzi kwa nguvu. Nilimwomba siku moja. Nilisema nataka kwanza nione kuna nini huko. Aliinua kidole.

"Moja," alisema.

Alhamisi mdogo wangu alikwenda mnadani kununua kengele, mimi nikapanda peke yangu. Nilichagua jabali lililo juu ya korongo nikakaa. Kukaa ndiyo kazi yenyewe ukitaka kumjua tumbili. Saa ya kwanza anakuona na kukutukana. Saa ya pili anakuona na kukuacha. Saa ya tatu anafanya mambo yake kama wewe ni jiwe.

Nilichokiona ndicho kilichonifanya nicheke peke yangu mlimani, mdomo nimeuziba kwa kanga.

Kwanza, dawa ya bibi haikufanya kazi kwa sababu rahisi. Kwa tumbili, jike hahami. Anazaliwa kundini, anazeekea kundini, pamoja na mama yake, dada zake na mama zake wadogo. Madume ndio wanaoondoka wakikua, kutafuta kundi jingine. Sisi tulikuwa tumemkamata jike. Ndugu zake walimkimbia jioni moja tu, halafu wakamtambua. Kovu ni lile lile, sura ni ile ile, amepata kitu shingoni, basi. Nilimwona amekaa kwenye tawi nene, jike mkubwa aliyefanana naye yuko nyuma yake, anamchambua manyoya ya mgongo, na kengele inalia kidogo kila akivutwa.

Pili, mbuzi. Walikuwa wote saba chini ya mkuyu, wamesimama kwa heshima, nyuso juu. Yule mzee mwenyewe, kiongozi, alikuwa wa mbele. Alikuwa anaifuata kengele yake mwenyewe. Na kila baada ya muda mfupi, kutoka juu, tuu, kuyu linaanguka. Tumbili ni mlaji wa ovyo. Anachuma kuyu, analiuma mara moja, analitupa, anachuma jingine. Msituni wapo swala wanaojua siri hii, wanatembea chini ya tumbili na kuokota. Mbuzi wetu waligundua ndani ya siku moja. Kengele iliwaita, makuyu yakawaweka. Huko nyumbani tuliwapa mabua makavu. Ningekuwa mimi nisingerudi.

Jambo la tatu lilikuwa dogo zaidi, na ndilo lililoniweka pale mpaka jua likaanza kushuka. Yule jike mkubwa alipomaliza mgongo alifika shingoni. Akakuta mkanda. Akaulamba. Akasimama kidogo, kama mtu aliyeonja mchuzi wa jirani. Akaulamba tena, kisha akaanza kuutafuna. Akaja wa pili, akamsukuma, akatafuna naye.

Nilielewa. Mlimani kuna majani, matunda, utomvu, wadudu, lakini chumvi hakuna. Tumbili wanaitafuta mpaka kwenye mawe. Nimewahi kuwaona wakilamba mahali mbuzi walipokojolea. Na mkanda ule ulikuwa umevaliwa na mtu anayeinua matairi ya malori juani tangu asubuhi hadi jioni, miaka minne. Ulikuwa chumvi tupu.

Nilishuka mbio, nikijikwaa. Mdogo wangu alikuwa amerudi na kengele mpya, kubwa, inayong'aa.

"Nimewapigia mbuzi hii toka bondeni," alisema. "Wamenigeuzia uso, dada. Wameniangalia kama mchuuzi wa sabuni."

"Hawaijui. Sikiliza. Mkanda wako unaliwa."

"Unaliwa?"

Nilimweleza. Nilipofika kwenye jasho alikaa chini.

"Kwa hiyo harusi yangu," alisema, "inategemea tumbili anavyopenda jasho langu."

"Nusu ya upana imekwisha. Kesho mchana wakipumzika watamaliza."

Shangazi alisikiliza akiwa amesimama, mikono kiunoni. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Mbwa na manati vilikuwa tayari. Vijana walikwisha kubali. Nilimwambia nikijua kwamba safari hii nikikosea hakuna mishale itakayoniokoa. Mbwa wakipanda, nilisema, tumbili watavuka mgongo wa kilima na kengele watakwenda nayo, na mbuzi watakwenda na kengele, na upande ule wa pili ni pori mpaka bondeni. Kinachotakiwa ni kuwaacha wakae, wale, wachambuane.

"Na wasipomaliza?"

"Wasipomaliza, nitakwenda Mtinko mwenyewe kumweleza baba mkwe."

"Wewe ukianza kueleza atakimbia yeye," alisema shangazi. Lakini aliwapigia simu wale vijana wasije.

Kisha akauliza, kama jambo lililokuwa linamsumbua, "Umesema madume ndio wanaohama?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kwao bwana harusi ndiye anayebeba begi." Alimtazama mdogo wangu. "Ungezaliwa huko, mambo yangekuwa rahisi."

Ijumaa tulipanda watatu, maana shangazi alikataa kubaki. Alikuja na chupa ya chai na mto wa kukalia. Nilimpa masharti: asizungumze, asisimame, asinyooshe kidole. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu kumpa shangazi masharti, na aliyashika vizuri, isipokuwa kwamba kunong'ona hakukuhesabu kama kuzungumza.

"Yule ndiye mama yake?"

"Sijui, shangazi. Huenda."

"Ni mama yake. Ona anavyomvuta sikio."

Mbuzi walikuwa chini, wamenenepa. Kweli kabisa, walikuwa wamenenepa. Jua lilipofika utosini kundi lilitulia, na yule jike mkubwa akakaa nyuma ya wetu na kuanza. Tuliacha kupumua. Sasa mkanda ulikuwa mwembamba kama utepe. Alitafuna, akapumzika, akajikuna kwapa. Mdogo wangu alikuwa ameshika mkono wangu akiuminya kwa mwendo wa zile taya.

Halafu tumbili mmoja kileleni akatoa sauti fupi, kama mtu anayekohoa mara mbili.

Hapa niseme kwamba tumbili hawana ukelele mmoja wa hatari. Chui ana sauti yake, na wakiisikia wanakimbilia juu mitini. Nyoka ana sauti yake, na wanasimama kwa miguu miwili kuangalia nyasi. Hii ilikuwa ya tai. Kwa tai hukimbilii juu, unajitupa chini kwenye kichaka kinene. Nilijua hilo, na bado nilitazama juu kama mbuzi. Kivuli kilipita juu ya mawe. Mkuyu mzima ulimwagika. Tumbili walidondoka tawi kwa tawi, wakazama kwenye miiba, na kengele ikalia mara moja kwa nguvu, kra, kisha ikanyamaza.

Mbuzi walitawanyika hatua chache wakasimama.

Tulisubiri. Tai alizunguka mara mbili akaenda zake. Tumbili walianza kutoka kichakani mmoja mmoja, wakijitikisa. Akatoka mwenye kovu. Shingo yake ilikuwa wazi. Akaishika, akaikuna, akaendelea na maisha yake.

"Imekatika," alinong'ona mdogo wangu.

"Iko wapi?" alinong'ona shangazi.

Hilo ndilo sikuwa nimeliwaza. Kengele ambayo haisogei haina sauti. Ilikuwa mahali fulani ndani ya kichaka cha miiba kikubwa kama nyumba mbili, kimya, na mbuzi walianza kuangaliana. Mmoja aligeuka kuelekea juu, mgongoni. Mdogo wangu alisimama nusu. Nilimvuta koti. "Subiri," nilimwambia, na sikuwa na sababu yoyote ya kumwambia hivyo, ila kwamba ndicho kitu pekee kilichokuwa kimefanya kazi wiki nzima.

Kichaka kikatikisika. Akatoka mtoto wa tumbili, mdogo kama paka, anarudi kinyumenyume, anavuta kitu. Ilikuwa kengele, na kipande cha mkanda kinaning'inia. Aliipandisha juu ya jiwe, akaitazama, akaigonga kwa kiganja. Kikohozi. Alishtuka, akaruka, akarudi. Akaigonga tena. Ikampendeza. Akaishika kwa mikono miwili akaitikisa kwa nguvu zake zote.

Mbuzi saba waligeuka pamoja.

Yule mtoto alikuwa anacheza na hakuwaona mpaka walipomzunguka. Aliinua macho akakuta nyuso saba zenye ndevu zimemwinamia kwa unyenyekevu mkubwa. Alitoa mlio mwembamba, akatupa kengele, na sijui alipitia wapi, lakini nukta iliyofuata alikuwa kifuani pa mama yake juu ya mkuyu, akieleza.

Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa mto. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mdogo wangu alitembea, hakukimbia, ingawa niliona magoti yake yanataka kukimbia. Aliokota kengele, akaitikisa, akaanza kuteremka. Mbuzi mzee akaingia nyuma yake, na wengine nyuma ya mzee. Nilimsikia kabla hajafika vichakani, anaimba kitu kisicho na maneno.

Jumamosi tuliwapakia mbuzi kwenye kirikuu, gari dogo la mizigo la jirani, tukawashusha kabla ya kufika, ili wamalizie kwa miguu kama inavyotakiwa. Mbuzi mzee alivaa kengele kwa kamba yake ya zamani. Mdogo wangu alivaa suti, na kwa kuwa mkanda wake mwingine aliusahau Shelui, chini ya koti alijifunga kamba ya katani. Mshenga alitangulia. Shangazi alivaa kitenge kipya na uso wa mtu ambaye hajawahi kupanda mlima.

Tulichelewa njiani. Kila tulipopita chini ya mti, mbuzi wote saba walisimama, wakainua nyuso na kusubiri. Mwarobaini, mgunga, mti wowote. Hakikuanguka kitu. Walisubiri kidogo tena, kwa imani, kisha wakaendelea mpaka mti unaofuata.

Ukweni walituambia baadaye kwamba walisikia kengele muda mrefu sana kabla ya kutuona, ikija, ikinyamaza, ikija, na mama mkwe alipata nafasi ya kufagia uwanja mara mbili. Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Tulimsalimu shikamoo, akaitikia. Alikuwa anatazama nyuma yetu.

Pale uwanjani kwake palikuwa na mwembe mkubwa. Mbuzi walikuwa wamejipanga chini yake, shingo zimenyooka, macho yote juu.

Alitazama mbuzi. Alitazama juu ya mti. Alitazama mbuzi tena.

"Mbuzi wenu," alisema, "wanaangalia nini?"

Nilisikia mdogo wangu ameacha kupumua, kama pale kwenye jabali.

"Wanamshukuru Mungu, mkwe," alisema shangazi bila kupepesa. "Kwamba wamefika salama."

Ningeweza kuacha hapo. Mtu mwingine yeyote angeacha. Lakini alikuwa ameuliza swali, na jibu nilikuwa nalo.

"Baba," nilisema, "tumbili akila kuyu hamalizi." Mdogo wangu akanikanyaga mguu. Niliendelea. Nilianza na ghorofa za kilima, nikaja kwenye miamba ya kuotea jua, nikaja kwenye majike wasiohama, na nilipofika kwenye tenga mama mkwe alikuwa ameacha ufagio na watu wa nyumba wametoka nje. Bibi harusi alichungulia dirishani. Nilipofika kwenye chumvi, baba mkwe aliinua mkono.

"Ngoja," alisema. "Huo mkanda alikuwa anauvaa miaka mingapi?"

"Minne," alijibu mdogo wangu.

"Kazini?"

"Kazini, baba."

Yule mzee alimtazama kuanzia viatu mpaka kola, polepole, macho yakakoma pale koti lilipofunguka na kipande cha katani kikachungulia. Ndani ya nyumba mtu alianza kucheka, na nilijua ni nani, kwa sababu mdogo wangu aligeuka kuelekea dirishani uso umebadilika wote.

"Mtu anayetoa jasho hivyo," alisema baba mkwe, "akae kwenye kiti. Nileteeni kiti." Kisha akanigeukia, akavuta kigoda chake karibu. "Haya, mwalimu. Mkanda unatafunwa. Endelea."